Popo alivyotoka nyuma ya kochi

Nilimchukua mbwa wangu Popo akiwa mkubwa tayari, kama miaka 2 hivi, sijui huko nyuma alipitia nini ila siku ya kwanza kaingia ndani mkia kaufyata, moja kwa moja nyuma ya kochi, akabaki huko. Nikachemsha kuku nikampelekea mpaka mdomoni, hata kunusa hakunusa. Nikajua anadeka, kumbe mbwa akishikwa na hofu hamu ya kula inakata kabisa na wewe ukizidi kumsogelea ndo unazidi kumtisha.

Basi nikaacha kumfuata. Nikawa nakaa sakafuni nimempa ubavu, simwangalii machoni, namrushia kipande upande wa mbali na mimi ili ale bila kulazimika kunikaribia. Siku ya 4 akaanza kuchungulia mwenyewe kama kuna kingine. Siku ya 9 akachukua mkononi, pua yake ya baridi ikanigusa kiganja, nilitamani kumkumbatia pale pale lakini nikajizuia.

Hapo ndo tukaanza kujifunza kukaa. Vipande viwe vidogo sana, kama punje ya njegere, maana kwenye dakika 5 anaweza kula hata 20, na mimi nilikuwa nampunguzia chakula cha jioni asije akanenepa. Kuku bila chumvi wala mifupa, na vitunguu, chokoleti na zabibu usimpe kabisa jamani, ni sumu kwao. Unaweka kipande karibu na pua halafu unakirudisha taratibu juu ya kichwa kuelekea nyuma, macho yanafuata mkono, makalio yanashuka yenyewe.

Ila wiki nzima hakushika na kosa lilikuwa langu. Akikaa mimi ndo naanza kupekua mfukoni, nikija kumpa keshasimama, yaani nilikuwa namlipa kwa kusimama! Nikabadilisha, nyama iko tayari mkononi, makalio yakigusa tu sakafu nasema "safi" sekunde ile ile kisha nampa. Siku 2 akaelewa. Baadaye nikawa naonyesha mkono mtupu, nyama inatoka mkono wa pili, ili afuate ishara na sio harufu.

Kuitwa jina kulichukua muda zaidi. Hapo nilijiwekea sheria moja, simwiti kumgombeza wala kumwogesha, akija lazima akute kitu kizuri, hata kama kachelewa. Tulianza sebuleni, kisha nje akiwa na kamba ndefu.

Juzi mbwa mwingine kapita anabweka, Popo kageuka masikio yamesimama, nikaita mara moja tu. Akaja mbio, akakaa mbele yangu kabla sijasema kitu, mkia unafagia vumbi. Nilimpa vipande vyote vilivyobaki.