Maharage yaliyogoma kuiva

Kwa miezi kadhaa maharage yalinishinda. Masaa matatu jikoni, mkaa unateketea, na ukiyabonyeza bado yana kiini kigumu kama kokoto. Mama mkwe akaniambia, "Tia magadi, mwanangu." Nikatia. Yaliiva kweli, ila yakavurugika na kuacha ladha ya sabuni. Tena magadi huharibu vitamini B1, na mimi maharage nayapikia lishe.

Kumbe kosa lilikuwa nyanya! Nilikuwa nazikatia humo tangu mwanzo, na uchachu wake huchelewesha maharage kulainika. Sasa nayaloweka usiku kucha, asubuhi namwaga maji yale, naweka mapya na kitunguu kizima, basi. Yakishachemka napunguza moto. Nachukua moja, nalibonyeza kwa vidole viwili: likipondeka bila ubishi, ndipo nakaanga kitunguu, karoti na nyanya pembeni na kumimina humo. Tui zito la nazi huja mwisho, huku nakoroga polepole lisije likakatika.

Maharage yaliyokaa sana ghalani bado ni makaidi. Siku hizi sokoni namuuliza muuzaji kwanza: haya ni ya msimu huu?