Nyanya za ndoo tano na pilau la watu watatu

Doa linaanza dogo, kama tone la maji lililoloanisha karatasi, chini ya nyanya pale palipokuwa na ua. Siku tatu baadaye ni la kahawia. Wiki ikipita limekuwa jeusi, limedidimia, gumu kama kisigino cha kiatu, na nyanya inaanza kuwa nyekundu kabla ya wakati wake ili kukudanganya kwamba imeiva. Katikati ya Novemba nilikuwa nimezitupa kumi na nne za namna hiyo, mikungu yote ya kwanza ya ndoo tano, na hizo ndizo nyanya nilizozipigia hesabu ya kachumbari ya kula na pilau la Krismasi.

Naandika kwa sababu ushauri niliopewa kuhusu doa hili, ambalo jina lake ni kuoza kitako, ulikuwa mbaya, na bado unatolewa kila siku Dar es Salaam kwa yeyote anayeshika mche wa nyanya.

Mbegu ilikuwa ya nyanya aina ya Tanya. Niliisia kitaluni mwishoni mwa Agosti, nikahamisha miche mwishoni mwa Septemba. Ndoo ni zile nyeupe za rangi za lita 20, zilizooshwa vizuri, utazipata kwa mafundi. Chagua nyeupe, maana ndoo nyeusi ikikaa kwenye jua la Desemba hupika mizizi. Udongo ulikuwa sehemu mbili za udongo wa juu, moja ya samadi iliyooza mpaka haina harufu, na nusu ya mchanga wa mtoni. Mchanga wa baharini usiuguse.

Sasa huo ushauri. Dukani kwa wauza pembejeo niliambiwa mmea una njaa, nikauziwa urea. Majani yakawa ya kijani kibichi, mapana, ya kupendeza macho, na doa likaongezeka. Mwingine akasema ni ukungu, nipige mankozebu. Nikapiga mara mbili, fedha ikaenda, doa likabaki. Wa tatu alikuja na maganda ya mayai, nizike kumi kwenye kila ndoo. Huyu wa tatu angalau alikuwa amekaribia, maana tatizo kweli linahusu kalsiamu, lakini ganda la yai likizikwa hukaa udongoni miezi na miezi kabla ya kuachia chochote, hasa kama udongo wenyewe si wa tindikali. Msimu ulipokwisha nikamwaga ndoo, maganda nikayakuta vilevile kama nilivyoyazika.

Kuoza kitako si ugonjwa wa vijidudu. Hauambukizi, wala hauna dawa ya kupuliza. Tunda limekosa kalsiamu pale kwenye kitako, na mara nyingi kalsiamu ipo udongoni ya kutosha, ila haikufika. Kalsiamu husafiri na maji tu. Maji nayo huvutwa kwa nguvu na majani, kwa sababu jani ndilo linalopumua na kupoteza maji mchana kutwa, wakati tunda lenye ngozi laini iliyofunga halivuti karibu kitu. Mizizi ikikauka saa chache, kile kidogo kinachopanda huchukuliwa na majani, na kitako, ambacho ndicho cha mwisho kwenye njia, kinabaki bila. Nyanya ndefu kama yai huumia zaidi ya zile za duara. Urea ndiyo iliyonimaliza: kwanza hugeuka kuwa amoniamu inayoshindana na kalsiamu mlangoni mwa mizizi, pili inazidisha majani, na majani mengi ni midomo mingi ya kunywa.

Kwangu kulikuwa na makosa mawili ya maji. La kwanza, nilimwagilia lita tano asubuhi kwa mkupuo, nusu ikatoka chini kwenye matundu, na kufika saa tisa alasiri udongo ulikuwa vumbi. Ndoo ya lita 20 ikiwa na mche uliobeba matunda, kwa joto la huku, inakunywa kati ya lita mbili na nne kwa siku, ila inataka kuzinywa kidogo kidogo. La pili, maji yenyewe. Kisima chetu kina chumvi kama visima vingi vya ukanda huu wa pwani. Tazama ukingo wa ndoo yako na pale chini maji yanapochuruzika: ukiona ukoko mweupe, hiyo ni chumvi, na chumvi huuzuia mzizi kunywa hata kama udongo umelowa chepechepe. Mmea una kiu ndani ya maji.

Chumvi niliiondoa kwa mvua za vuli. Nilikinga maji ya bati kwenye pipa, nikayamimina polepole, kama lita 20 kwa kila ndoo, mpaka yanayotoka chini yakaacha kuwa na rangi ya chai. Baada ya hapo kila wiki tatu nilirudia, na siku za kawaida nilichanganya maji ya kisima na ya mvua nusu kwa nusu. Usioshe udongo halafu ukasahau mbolea, kwa sababu chakula nacho kimeondoka. Nilirudisha kwa CAN, mbolea ya chembechembe ambayo ina kalsiamu ndani yake, nusu kijiko cha chai kwa ndoo kila baada ya wiki mbili, ikinyunyizwa kwenye ukingo mbali na shina, halafu maji. Nusu kijiko. Atakayekwambia kiganja, mwache.

Kumwagilia kidogo kidogo ndiko kulikonichukua siku nyingi, na ndiko ninakojivunia.

Nilitaka chupa ya maji ya lita moja na nusu ifanye kazi wakati mimi niko kazini. Chupa ya kwanza niliitoboa kizibo kwa msumari uliopashwa moto, nikaizika kichwa chini, nikaijaza. Dakika kumi tu, imekwisha. Tundu la msumari ni bomba, si tone. Ya pili nilitoboa kwa sindano ya kushonea, tundu moja, na nikaacha kitako cha chupa kizima ili maji yasipotee kwa jua. Ilitoa vijiko viwili ikagoma. Nilidhani tundu limeziba, nikalitoboa upya, ikagoma tena. Sababu ni hewa: maji hayawezi kutoka kama hakuna kinachoingia kuchukua nafasi yake, kwa hiyo chupa iliyofungwa pande zote hujinyonga yenyewe. Ya tatu nilikata kitako, maji yakashuka vizuri siku mbili, siku ya tatu udongo laini ukapanda ukaziba tundu kweli.

Iliyofanya kazi ni hii. Kata kitako cha chupa lakini usikimalize, acha kama vidole viwili vishike ili kiwe mfuniko wa kuzuia mbu na jua. Toboa kizibo matundu mawili kwa sindano iliyopashwa moto, si zaidi. Ndani ya shingo sukuma kipande cha fulana ya pamba ya zamani, kikunje kiwe kama kizibo cha pili, kibane bila kukazana sana. Pamba inachuja udongo na inapunguza kasi. Zika chupa kwa kuilaza kidogo, shingo ikiingia kama kiganja kimoja chini, umbali wa kiganja kutoka kwenye shina, na uizike siku ile ile unayohamisha mche ili usije kukata mizizi baadaye. Mimi nilichelewa, nikakata mizizi kwenye ndoo mbili, zikanyauka siku nne. Ikijazwa, chupa yangu inachukua kati ya saa tatu na nne kwisha. Asubuhi moja, mchana moja kama kuna mtu nyumbani, jioni moja. Kama inakwisha chini ya saa moja, kaza pamba. Kama asubuhi bado imejaa, ilegeze.

Juu ya udongo tandaza nyasi kavu unene wa vidole vinne. Makumbi ya nazi ni mazuri sana kwa kazi hii lakini yaloweke kwanza kwenye maji baridi siku mbili, ukibadilisha maji, kwa sababu huja na chumvi yake.

Na hapa watu wengi hukata tamaa mapema. Tunda unaloliona limeoza leo liliharibika lilipokuwa bado dogo, wiki mbili au tatu zilizopita. Ukirekebisha maji leo, kesho utaendelea kuona madoa, na keshokutwa pia. Mimi nilirekebisha mwanzoni mwa Novemba na madoa yaliendelea mpaka karibu tarehe ishirini. Wewe ng'oa zilizooza, maana haziponi na zinanyonya mmea, halafu angalia vitunda vipya vyenye ukubwa wa gololi. Vile vikiwa safi, umeshinda. Lililooza kidogo halina sumu: kata sehemu nyeusi, lililobaki pika, ilimradi halijaota ukungu.

Kitu kingine, Tanya ni nyanya ya kichaka. Nilishauriwa nipogoe machipukizi yote ya pembeni, ushauri ambao ni wa nyanya ndefu za kwenye kamba. Nilipogoa ndoo moja na ikazaa theluthi ya wenzake. Ondoa majani yanayogusa udongo, basi.

Wiki ya mwisho kabla ya sikukuu ilinyesha. Nyanya iliyoiva ikipigwa na mvua kubwa baada ya ukame hupasuka kwenye bega, kwa hiyo zote zilizoanza kuona rangi ya waridi nilizichuma tarehe kumi na tisa, nikaziweka kwenye boksi lenye ndizi mbivu mbili, chumbani, mbali na friji. Ubaridi wa friji huua harufu yake. Siku nne zikawa nyekundu tupu, kilo mbili na kitu.

Pilau lenyewe lilikuwa la watu watatu, na hapa pia nina la kusema. Kila mtu huku anajua pilau la shughuli, kilo tano kilo kumi, na anapokupa vipimo anagawa tu. Mchele unaweza kuugawa, nyama unaweza kuigawa. Maji huyagawi hivyo. Mvuke unaopotea unategemea upana wa mdomo wa sufuria na muda wa kupika, si wingi wa mchele. Sufuria kubwa ya kilo tano inapoteza kidogo ukilinganisha na kilichomo, ndiyo maana mpishi wa shughuli anaweka maji machache. Nilipofuata uwiano wake kwa vikombe viwili vya mchele, juu palibaki na kiini kigumu na chini palishika.

Kwa mchele wa Kyela vikombe viwili, kama gramu 400, uliolowekwa dakika ishirini na kuchujwa, natumia supu vikombe vitatu ikiwa inachemka. Nyama ya ng'ombe nusu kilo yenye mfupa, ichemshwe kwanza na chumvi na tangawizi. Sufuria iwe ya lita tatu, si pana: nyama, viazi, mchele na supu vikiwa ndani, kimo kifike angalau vidole vitatu, vinginevyo unakausha mchele badala ya kuupika. Bizari nyembamba vijiko viwili vya chai, iliki tano, karafuu nne tu, pilipili manga kumi, mdalasini wa urefu wa kidole gumba, saumu punje sita. Karafuu ikizidi kwenye sufuria ndogo hakuna pa kuificha.

Rangi ni ya vitunguu. Viwili vya wastani, vijiko vitano vya mafuta, moto wa kati, kama dakika kumi na mbili. Vitunguu vichache hutoka kwenye kahawia hadi kuungua kwa nusu dakika, kwa hiyo kikombe cha supu kiwe mkononi tayari. Vikifika rangi ya tende, mwagia papo hapo.

Jiko la gesi huunguza kitako cha sufuria nyepesi. Dawa yake ni kikaango kizito cha chapati: supu ikishakauka juu ya mchele, weka kikaango juu ya moto mdogo kabisa, sufuria juu ya kikaango, funika kwa kitambaa safi kilicholowa na kukamuliwa kisha mfuniko, pindo za kitambaa zikunjwe juu zisifikie moto. Dakika ishirini na tano, kisha kumi bila moto na bila kufunua. Ni karibu na ile kazi ya kupalia makaa.

Kachumbari iwe ya mwisho. Kitunguu kimoja kilichokatwa vipande vyembamba, kijiko cha chai cha chumvi, kifikiche, kiache dakika kumi, kisuuze, kikamue. Nyanya nne, kata ukubwa wa wastani. Ndimu, pilipili mbuzi robo bila mbegu. Chumvi ya nyanya inyunyizwe sahani zikiwa tayari mezani, kwa sababu ikikaa robo saa inazitoa maji yote na unabaki na supu nyekundu. Zangu zilikuwa ngumu na tamu, na hazikuwa na doa.