Mama mkubwa na marobota yake

Binti yangu yuko darasa la kumi hapa Columbus, Ohio. Mwaka huu amechukua somo linaloitwa AP Seminar, somo la utafiti la ngazi ya chuo linalofundishwa sekondari, na tangu Oktoba meza yetu ya chakula haijapumzika.

Mwanzoni nilidhani ni kama General Studies yetu ya kidato cha tano na sita kule Tanzania. Pale swali lilikuja na idadi yake: jadili kwa hoja sita. Ukizipata sita, ukaweka utangulizi na hitimisho, umepita. Sikumbuki hata siku moja kuulizwa hoja nimeitoa wapi. Huku mwanafunzi anatafuta swali mwenyewe, anasoma tafiti, anaonyesha nani anasema nini na kwa nini wanapingana, ndipo anasimama na lake. Wanaanza kikundi: kila mmoja anaandika ripoti ya maneno 1,200 akilitazama tatizo kwa jicho moja, halafu wote wanalieleza mbele ya darasa kwa dakika 8 mpaka 10 na kujibu maswali. Baadaye kila mtu insha yake ya maneno 2,000, na Mei mtihani wa saa mbili. Mwalimu haruhusiwi kuwasahihishia rasimu. Mzazi ndiyo kabisa.

Kikundi chao cha watu wanne kilichagua nguo ambazo Wamarekani wanazitoa sadaka: zinaishia wapi? Mwingine mazingira, mwingine maadili, mwingine historia. Wangu akachukua uchumi. Jioni moja nakaanga maandazi kabla ya kwenda zamu ya usiku, akaniuliza, "Mama, mitumba ni mizuri au mibaya?"

Nikazima jiko, nikakaa. Baba yangu alikuwa fundi mashine Urafiki, kile kiwanda cha nguo cha Ubungo, Dar es Salaam, kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa China. Khanga aliyomletea mama kutoka pale ninayo hadi leo, pindo limeshachakaa. Dada yangu mkubwa naye ameuza mitumba soko la Karume, Dar es Salaam hiyo hiyo, zaidi ya miaka ishirini, na ni marobota hayo yaliyonisomesha mimi. Baba alikufa akiamini mitumba ndiyo iliyoua kiwanda chake. Yeye na dada walikula sinia moja miaka yote hiyo, na jambo hilo hawakuligusa.

Binti akaenda kuchimba. Akarudi na habari za 2016, wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walipokubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Mwaka 2017 chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu Marekani kikalalamika serikalini kwao kwamba ajira 40,000 ziko hatarini. Kenya, Uganda na Tanzania zikarudi nyuma. Rwanda ikakaza, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha wa ushuru wa AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru. Mimi hiyo 40,000 niliimeza kama ilivyo. Yeye akaizungushia duara kwa kalamu nyekundu. "Mama, namba hii imetoka kwa wenye biashara wenyewe. Natafuta mwingine aliyehesabu."

Nikafurahi mno. Wiki iliyofuata akaileta kalamu ile ile upande wa baba. Watafiti, akasema, wanataja pia kulegezwa kwa masoko, nguo mpya za bei rahisi kutoka Asia, mitambo iliyochoka, umeme na madeni. "Babu hakukosea, lakini hakuona yote." Alisema kwa upole, na bado maneno yale yalinichoma. Kwetu mtoto hampimi babu yake, hasa aliyekwisha kulala. Sikumjibu. Nilivaa koti nikaenda kazini, na njia nzima nikawa namfikiria baba amesimama kando ya mashine iliyozimwa, asijue deni la kiwanda ni kiasi gani.

Jumapili tukampigia dada. "Shikamoo, mama mkubwa." Binti akauliza alichokuwa amekiandika: viwanda vikifufuka, wewe utafanya nini? Dada hakufikiri hata kidogo. "Nitauza nguo za kiwandani, mwanangu. Mimi ni muuzaji. Mzigo ukija kutoka Ubungo au Ulaya, mimi naupanga mezani."

Sikuwahi kulisikia jibu hilo, mimi mdogo wake wa tumbo moja. Kumbe ugomvi niliodhani upo kati yake na baba, kwake haukuwepo.

Nilitaka binti aliweke kwenye ripoti. Akakataa: anahitaji vyanzo vinavyoweza kukaguliwa. Niliumia, nikamwambia mama mkubwa si kitu cha kukaguliwa. "Najua, Mama. Lakini yeye ndiye amenionyesha cha kutafuta." Na kweli, akatafuta tafiti juu ya wachuuzi wenyewe, akajenga sehemu nzima ya ripoti hapo.

Ripoti imeshatumwa, lakini jana amempigia tena, safari hii bila mimi kumwambia. Alitaka bei ya robota la mashati mwaka 2016, na ile ya 2018. Dada akamwambia aliandika kila mzigo kwenye daftari, na daftari liliungua na meza yake Karume, Januari 2022. Kisha akaanza kuzitaja kwa kichwa, robota moja moja, na mtoto akawa anaandika, pembeni ya kila bei akiweka: kwa kumbukumbu ya muuzaji.