Nilivyoacha kuhemahema kabla ya kuzama

Mie mtu wa Kojani, Pemba, kuzamia pweza na kamba ndo kazi yangu, na tokea mdogo nilikua najua njia moja tu ya kukaa sana chini: unahema mbiombio mara thelathini hivi mpaka vidole vinafanya ganzi na kichwa kinakua chepesi, halafu unavuta moja kubwa unakwenda. Na kweli unakaa, mana ile dhiki ya kutaka pumzi haiji mapema. Nikijua najaza oksijeni.

Siku hiyo tuko dago, kambi ya wavuvi, maji kama pima sita, nikaona ndevu za kamba zinacheza kwenye pango la mwamba. Nikamvizia weee, kifua kimetulia kama nimelala. Nikamkamata, nikaanza kupanda, nakumbuka nimeliona tumbo la mashua juu yangu jeupe kwa deheni, basi. Baada ya hapo nasikia makofi ya mashavu na sauti ya ami, "Vuta mwanangu! Vuta!" Yeye ndo alonidaka nikirudi chini.

Daktari alonipima akaniuliza nilifanyaje kabla ya kuzama, nilipomwambia akatikisa kichwa. Akanambia damu yako kabla hujahema ishakua na oksijeni karibu yote inayoweza kubeba, ulichokifanya ni kuitoa hewa ya ukaa, na hiyo ndo inayoiambia akili uvute. Nikaanza kusoma kwa simu kila usiku, wallahi nilishangaa. Chini ya ubongo, pale unapoungana na uti wa mgongo, kuna kijikundi cha seli kinaitwa preBötzinger, ndo mpiga ngoma wa pumzi zetu, ulale uamke. Mwaka 1991 watafiti Jeffrey Smith na Jack Feldman na wenzao walikata kipande chembamba cha ubongo wa panya mchanga chenye seli hizo, na kile kipande peke yake, hakina pafu wala kifua, kikawa kinaendelea kupiga ule mdundo. Jirani yake kuna seli zinazoonja ukali wa damu, hewa ya ukaa ikizidi zinamhimiza mpiga ngoma. Shingoni kuna vipimo vya oksijeni lakini vile vinapiga kelele ikishapungua sana. Sasa mie nishaitupa hewa ya ukaa, nani ataniambia? Na unapopanda mgandamizo wa maji unapungua, oksijeni ilobaki kwenye mapafu inakua haisukumiki tena vizuri kwenye damu, ndo mana watu wengi wanazimia karibu na juu, pale pale penye matumaini.

Kuacha haikua rahisi, wiki ya kwanza nilikua napanda mikono mitupu mana dhiki inakuja mapema. Lakini sasa ndo nikawa naiamini ile dhiki. Kabla ya kuzama naelea tu napumua kama nimekaa barazani, bila kulazimisha, navuta moja nakwenda. Kifua kikianza kuruka kama kwikwi napanda, hata kamba awe mkononi anachomoka. Juu napumzika mara mbili ya muda nlokaa chini. Na hatuzami pamoja tena, mmoja chini mmoja juu anatazama, na anaendelea kukutazama mpaka ushavuta pumzi mbili tatu na umemjibu.

Mdogo wangu kaanza kuzama mwaka huu. Juzi nimemkuta anahemahema ukingoni mwa mashua, nikamvua miwani nikamkalisha, nikamwambia leo utatazama tu.