Maji yalikuwa yakipita pembe ya juu ya mlango

Gari jipya la njia mbovu, miezi 2 tu, na mvua ya kwanza ya masika ikaloanisha zulia la dereva. Iliniuma. Nikashauriwa nipake gundi ya silikoni kuzunguka mlango wote. Nashukuru sikukubali, maana ingeharibu raba ya kuzuia maji ukingoni mwa mlango, ambayo haikuwa na kosa.

Nilichukua kipande cha karatasi, nikakibana mlangoni, nikafunga, nikakivuta. Kila mahali kiligoma, ila pembe ya juu ya nyuma kikateleza bila shida. Nikapaka raba chaki na kufunga tena: pembe ile ile haikuacha alama kwenye bodi. Basi raba haikuwa ikigandamizwa.

Kwenye nguzo ya bodi, pale mlango unapofungia, kuna kile chuma kinachokamatwa na kitasa. Nilikichorea mpaka kwa kalamu kwanza (usiruke hatua hii, utapoteza mahali pa kurudi), nikalegeza skrubu zake, nikakisogeza ndani kama milimita 1. Karatasi ikakaza.

Mwanangu akakaa ndani na tochi, nami nikamwagia maji kwa mpira, nikianzia chini kwenda juu. Hata tone halikuingia. Sponji iliyo chini ya zulia ilichukua siku 3 kukauka.