Neno la wino mwekundu

Juni 1998, nikiwa kidato cha tatu, nilishuka kwenye basi pale Makambako na ripoti ya shule nimeificha chini kabisa ya begi. Baridi ya likizo ya Juni wanaijua watu wa Njombe na Mafinga. Mimi lakini nilikuwa natetemeshwa na neno ambalo mwalimu wa Kiingereza alikuwa ameliandika kwa wino mwekundu: "opinionated".

Chanzo kilikuwa mdahalo wa Ijumaa. Kengele ililia, wenzangu wakakimbilia maharage, mimi bado nimesimama nabishana na mwenyekiti.

Baba aliisoma jikoni, karibu na moto. "Hii ni sifa au ni kosa?"

"Ni mtu mwenye maoni, baba."

Sikudanganya, nililikata neno mkia tu. Akafurahi, akamwita baba mdogo aje asikie. Hapo nikajua nimekwisha, maana baba mdogo alikuwa karani na alikuwa na kamusi isiyo na jalada. Alipekua akilamba kidole kila ukurasa. Hata matokeo ya mtihani sijawahi kuyasubiri hivyo.

"Kumbe ni mtu anayeng'ang'ania la kwake, wengine anaona hawajui kitu," akasema. "Kwa kifupi, mbishi."

Mama akacheka peke yake.

Nilikuja kulichimba neno hilo nikiwa chuoni. Mzizi wake ni Kilatini, opinari, yaani kudhani. Kutoka kwa Wafaransa, Waingereza wakaokota "opinion" miaka ya 1300 hivi. Ule mkia wa ukaidi ukaota karibu na mwaka 1600. Maoni yetu sisi yametokana na kuona, na hata rai, tuliyoipata kwa Waarabu, mzizi wake ni kuona vilevile. Wao walianza kwa kudhani, sisi kwa kuona! (Najua, Mswahili naye hudhani sana. Ila siku ile ningekuwa na hoja hii, tungekesha.)

Baba hakugomba. Aliomba kalamu, akatafuta sehemu ya chini iliyoandikwa "Maoni ya mzazi", mistari mitatu mitupu. Akaandika neno moja: "Nimeona." Akasaini, akaikunja ripoti, akanituma kuni.