Marge kafa, Marge hajafa

Kaka yangu anasema The Simpsons, ile katuni ya Marekani ya Homer, mkewe Marge na watoto wao Bart, Lisa na Maggie, ilishakwisha mwaka 1997 na tunachoangalia sasa hivi ni jina tu. Anasema hivyo kila mwaka, ila safari hii kasema baada ya ile episodi ya kufungia msimu wa 36, "Estranger Things", iliyorushwa na kituo cha Fox huko Marekani Mei 18 mwaka 2025, na mimi safari hii nimekataa kabisa kunyamaza maana episodi hiyo imenikaa moyoni na sitaki ipite hivihivi. Kama hujaiona na hupendi kusimuliwa mambo kabla, rudi baadaye, nasimulia yote.

Kisa chenyewe. Bart na Lisa wanagombana tangu tuwajue, kitu pekee kinachowaweka pamoja ni kukaa mbele ya tivii kuangalia Itchy and Scratchy, ile katuni ndani ya katuni ya panya na paka, panya anamfanyia paka ukatili wa kila aina na hao watoto wanacheka mpaka wanagaragara. Sasa Maggie, yule mchanga wa kunyonya chuchu bandia, naye anaanza kuipenda, basi ghafla wale wakubwa wanaiona ni mambo ya watoto wachanga, wanaacha kuiangalia. Hakuna ugomvi, hakuna aliyemkosea mwenzie, wanaacha tu. Na wakishaacha hawana tena sababu ya kukaa chumba kimoja. Hapo wameweka wimbo umeimbwa na Sarah McLachlan na ukiwa una ndugu uliyekua naye nakwambia utameza mate. Afu inaruka miaka mingi mbele, Bart na Lisa watu wazima hawaongei, na tunaonyeshwa kwamba Marge alitangulia kabla ya Homer, kuna mazishi, kuna kaburi limeandikwa mke mpendwa, mama, na mtia viungo wa nyama ya nguruwe. Kaburi la mama limeandikwa chakula alichokuwa anawapikia! Mi hapo nilisimamisha kwanza nikapumua.

Ila kinachonimaliza sio kaburi. Ni ule ujumbe wa video Marge aliowaachia watoto, anaongea kwa furaha kabisa kwamba anashukuru sana wao wawili wamebaki karibu karibu na hawajaruhusu kitu kiwatenganishe. Yaani mama kafa akiamini hivyo, na Lisa anasikiliza hayo maneno akijua sio kweli. Sio kawaida ya katuni ya kuchekesha kukuwekea kitu kama hicho bila kukimbilia utani, wakaacha kikae.

Sasa kilichotokea baadae ndo kimenichosha. Mwezi mzima umepita, watu wametulia, Juni ikafika habari zikaanza kuzunguka dunia nzima, Marge Simpson amefariki, Marge ameuawa, waandishi wamemuua Marge. Hadi mama mdogo, ambaye enzi zile alikuwa anapita tu sebuleni na kikapu chake akiuliza hawa watu mbona njano, kanitumia meseji, "Mwanangu hivi yule mama wa nywele ndefu kafariki kweli?" Nikampigia kabisa nikamwambia hapana mamdogo, ni hadithi ya mbele huko, msimu ujao utamkuta jikoni kwake. Akasema afadhali. Matt Selman mwenyewe, ambaye ni mmoja wa wakubwa wa kipindi, ikabidi azungumze na jarida la Variety kufafanua kwamba zile episodi za siku zijazo ni za kubuni mambo yanavyoweza kuwa, kila moja na lake, na kwamba kipindi hakina historia rasmi inayofungamana.

Na mtu aliyefuatilia analijua hilo siku nyingi. "Lisa's Wedding" ya mwaka 1995 ilituonyesha harusi ya Lisa mwaka 2010, na 2010 tumeshaiacha nyuma, Lisa bado ana miaka 8 na yuko darasa la pili. "Holidays of Future Passed" ya Desemba 2011 ilimwonyesha Marge bibi mzima yupo hai anapokea wajukuu wa Krismasi, na mashabiki wengi waliipenda sana ile. Bart ana miaka 10 tangu 1989. Septemba 2024 walifungua msimu na episodi iliyofanywa kama vile ndo mwisho wa kipindi chote, wakamleta mchekeshaji Conan O'Brien kama mshereheshaji, na hoja nzima ya episodi hiyo ni hiyohiyo, kwamba Bart hataki kuingia kwenye ulimwengu ambao mambo yanabadilika na watu wanaondoka. Sasa unaanzaje kuwalaumu kuvunja historia ambayo hawajawahi kuiahidi?

Turudi kwa kaka, maana hoja yake ya ubora ni nzito na sitaki kuidharau. Kwake yeye kipindi ni kuanzia msimu wa 3 mpaka wa 8, basi, na ukimbana atakutajia ile ya monoreli, treni ya reli moja, ya Januari 1993 aliyoiandika huyohuyo Conan, atakuimbia wimbo wake wote, atakutajia "Mother Simpson" ya 1995 pale mwisho Homer amekaa juu ya gari peke yake anaangalia nyota, mama yake kaondoka tena. Na siku ya kifo cha kipindi anaitaja, Septemba 28 mwaka 1997, ile "The Principal and the Pauper" waliposema mwalimu mkuu Skinner sio Skinner, ni tapeli anaitwa Armin Tamzarian. Hapo ananipandishia sauti, "Mdogo wangu, ukimchukua mtu tuliyemjua miaka nane ukaniambia sio yeye, umenidharau mimi niliyekaa nikakuangalia." Na hakuwa peke yake, hata Harry Shearer anayetoa sauti ya Skinner hakuipenda na amelisema wazi. Mwisho wa episodi hiyo jaji anapitisha amri kwamba jambo hilo lisitajwe tena, atakayelitaja atateswa, na kweli maisha yakaendelea kama hakuna kilichotokea.

Nachomwambia kaka ni hivi. Februari 1997, yani kabla hata ya hicho anachokiita kifo, kipindi kilishatengeneza episodi kuhusu mashabiki wanaolalamika kwamba kipindi kimezeeka, ile ya mbwa Poochie. Siku hiyo walivuka idadi ya episodi za katuni ya zamani The Flintstones, zile 166, na humo ndani yule mwuza vitabu vya katuni anasema ni episodi mbovu kuliko zote. Maana yake malalamiko haya yalikuwepo ndani ya miaka ileile kaka anayoiita ya dhahabu, tena kwenye misimu ileile anayoitetea. Watu waliangalia vitu ambavyo leo tunaviheshimu wakasema takataka. Kwahiyo mtu akiniambia ya jana mbovu kuliko zote, nataka kwanza aniambie ameiangalia lini na ameiangalia yote au kaona klipu ya kaburi tu.

Simaanishi zote nzuri. Kuna misimu ya katikati huko, kumi na kitu mpaka ishirini na kitu, nimeiangalia nikiwa nafua na kukunja nguo na sikukosa kitu. Homer wa miaka ile alikuwa mkatili bila sababu, anaumia, anapiga kelele, kisa kinaanza huku kinaishia kwingine kabisa, wageni maarufu wanaingia wanataja majina yao wanatoka. Hapo kaka ana haki yote. Ila tangu msimu wa 33, Selman aliposhika usukani kwa sehemu kubwa, mimi naona tofauti kwa macho yangu. Angalia "Pixelated and Afraid" ya Februari 2022, Homer na Marge wamepotea porini kwenye baridi, hawana nguo, karibu episodi nzima ni wao wawili tu, mke na mume waliozoeana mpaka wamesahau kuongea. Nilimtumia kaka hiyo. Akakaa kimya siku mbili afu akaandika "sio mbaya", na kwa anayemjua kaka hiyo ni sifa kubwa.

Lawama zangu kwa "Estranger Things" ninazo na nazisema. Ya kwanza muda. Dakika kama 20 unataka utoto, kuachana, kifo, mazishi, ugomvi wa watu wazima, matatizo ya Homer mzee na kupatana, haiwezekani. Kupatana kwao kumekimbizwa, Lisa anaona video na muda si mrefu wako pamoja, wakati kutengana kwao kulipewa nafasi yake vizuri na pole pole. Hii ilistahili kugawanywa mara mbili kama walivyofanya na ile ya jirani yao Flanders mwaka 2021. Ya pili Marge kule mbinguni na Ringo Starr, yule mpiga ngoma wa Beatles. Najua Marge alimpenda Ringo tangu ujana wake, kuna episodi ya 1991 inayolionyesha hilo, lakini mimi nilikuwa bado na donge kooni na sikutaka kutolewa pale kwa haraka namna ile.

Na kuna suala la sauti, ambalo watu wanalisema vibaya mno. Julie Kavner anatoa sauti ya Marge tangu vile vipande vifupi vya 1987, mwaka 2025 alikuwa anaelekea miaka 75, sauti imekwaruza, ndio, inasikika. Watu wanaandika aondolewe. Mimi nikisikia ule mkwaruzo kwenye ujumbe wa mama aliyefariki naona hakuna mwigizaji mwingine duniani angeweza kuupa uzito ule, maana uzee ule ni wa kweli. Pamela Hayden aliyekuwa sauti ya Milhouse, rafiki wa Bart, alistaafu Novemba 2024. Marcia Wallace alifariki 2013 na wakamstaafisha mwalimu Krabappel aliyekuwa anamtolea sauti. Alf Clausen, aliyetunga muziki wa kipindi tangu 1990 mpaka walipomwondoa 2017, alifariki Mei 29 mwaka 2025, siku chache tu baada ya episodi hii. Ule muziki mwisho wa "Mother Simpson", pale Homer na nyota zake, ni wake. Nilimwambia kaka, akaniambia anaingia kuiangalia tena usiku huohuo.

Halafu wale wa "Simpsons walitabiri", mnaodai katuni hii huonyesha mambo kabla hayajatokea, naomba mtuache kidogo. Rais Trump alitajwa kweli kwenye episodi ya Machi 2000, hilo lipo, ila nusu ya picha mnazosambaza zimetengenezwa juzi na mtu kwenye kompyuta, na sasa mmeshaanza kuuliza eti Marge kafa maana yake nini kwa dunia. Maana yake ni watoto wawili waliacha kuangalia katuni pamoja. Iangalieni.

Fox waliongeza misimu minne Aprili 2025, itafika msimu wa 40, kwahiyo ubishi huu una miaka mingine mbele. Mpaka jana usiku msimamo ulikuwa hivi: mimi naipa 8 kwa 10, ningeipa 9 kama isingekuwa Ringo. Kaka anaipa 5, kapanda kutoka 3, na amesema hiyo 2 ya nyongeza ni ya wimbo peke yake, hadithi hajaikubali.